Vichwa na Tiketi

Jumatatu, 3 Machi

Nimepangiwa Njia ya Saba. Nilipoona karatasi ukutani nilicheka peke yangu kama mwehu, mpaka karani wa mishahara akachungulia kuuliza kulikoni. Dereva wa Njia ya Saba ni shemeji yangu, mume wa marehemu mdogo wangu. Miaka minne sijampa salamu wala sijapokea yake.

Kazi yenyewe ni hii. Shirika letu la mabasi linaishi kwa ruzuku ya manispaa, na ruzuku hutolewa kwa idadi ya abiria. Abiria wanapungua mwaka hadi mwaka, dizeli imepanda, vipuri vimepanda, na madiwani wameapa hawaongezi hata senti. Kwa hiyo lazima njia moja au mbili zife. Tunahesabu mpaka mvua ziishe mwezi wa tano. Njia isiyofikisha wastani wa abiria ishirini kwa safari itafungwa. Mimi niliyekaa dirisha la tiketi miaka kumi na tisa, mpaka mashine ikaja kunitoa kitini, nimepewa ubao wa kuandikia, kalamu mbili na koti la mvua lenye mfuko uliotoboka.

Humu naandika kwa ajili yangu tu, basi nisijidanganye. Natamani ifungwe. Natamani nimwone akishuka kwenye lile basi mara ya mwisho, ameshika chakula chake cha mchana, hajui aende wapi.

Jumanne, 4 Machi

Safari sita, kwenda na kurudi. Nimekaa kiti cha nyuma ya mlango. Hakunisalimu, sikumsalimu. Amenenepa shingo.

Jumatano, 5 Machi

Meneja wa uendeshaji ametuita wahesabu wote ofisini kwake. Huyu tunamwita Tai. Mwenyewe anadhani ni kwa sababu ya zile tai za hariri anazovaa, na anafurahi. Fundi mkuu aliyempa jina alikuwa anamfikiria ndege.

"Mnahesabu tiketi," akasema, "hamhesabu vichwa. Mwenye tiketi ni abiria. Mwenye kadi si abiria."

Kadi wanazo wanafunzi, na wagonjwa wanaokwenda hospitali mara kwa mara. Wanapanda bure kwa mpango wa zamani ambao manispaa iliahidi kuulipia na siku hizi inajitia hamnazo.

Mhesabu wa Njia ya Pili akauliza, "Lakini bosi, mwenye kadi naye anakalia kiti. Tumwiteje?"

"Mwite mzigo."

Tulicheka wote. Mimi nilicheka kuliko wote, kwa sababu Njia ya Saba inaishia hospitalini na katikati ina shule mbili. Nusu ya basi ni kadi. Njia ile imeshakufa, bado kuzikwa.

Jumatatu, 10 Machi

Mvua imeanza. Paa la basi linavuja juu ya kiti cha tatu. Tiketi kumi na mbili, kumi, tisa, kumi na nne, kumi, nane.

Jumatano, 12 Machi

Kuna mwanamke anayepanda kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi. Ni fundi cherehani, ana kibanda karibu na kituo cha nne. Figo zake hazifanyi kazi, kwa hiyo anakwenda hospitali kusafishwa damu kwa mashine. Leo amekaa kando yangu, akawa ananitazama ninavyoandika.

"Dada, mbona mimi hunipigi alama?"

"Una kadi."

"Kwa hiyo sipo?"

"Si mimi niliyepanga."

"Sijasema ni wewe. Nimeuliza kama nipo." Kisha akaona koti langu. "Mfuko umetoboka huo. Nivulie nikushonee, mimi pale nakaa saa nne sina cha kufanya."

Nikamwambia koti ni la shirika. Jibu la kijinga, lakini sikupenda anavyoniangalia.

Ijumaa, 14 Machi

Binti wa marehemu mdogo wangu amepanda leo, na sare ya shule na begi limemzidi mgongo. Ana miaka kumi na mmoja sasa. Tangu baba yake aoe mke mwingine, miezi tisa tu baada ya mazishi, sijakanyaga nyumba ile, na mtoto hajaletwa kwangu.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba."

Ana sauti ya mama yake, ileile ya kukwaruza kidogo. Nikainamia ubao wangu. Alionyesha kadi. Sikumpigia alama.

Baba yake alikuwa anatuangalia kwenye kioo. Nami nikamwangalia, mpaka akarudisha macho barabarani.

Alhamisi, 20 Machi

Basi halikutoka kabisa. Nimeshinda karakana nikisubiri. Fundi mkuu alikuwa chini ya uvungu, miguu tu nje, akitukana kila chuma kwa jina lake.

"Hili basi nimeliombea pedi za breki mara tatu," akasema akitoka. "Nimeandika fomu tatu. Unajua jibu? Njia inafungwa, za nini? Halafu basi likilala, watu wanapanda pikipiki. Wakipanda pikipiki, nyinyi mnaandika abiria wamepungua. Wakipungua, pesa inakatwa. Pesa ikikatwa, mimi sipewi breki."

"Si unionee huruma mimi, fundi. Mimi naandika ninachoambiwa."

"Nani akuonee huruma? Nipe hiyo spana."

Ijumaa, 28 Machi

Tai amenisimamisha kwenye ngazi. Wastani wa njia yangu ni tiketi kumi na mbili. "Ndiyo kazi ninayoitaka," akasema, akanipiga piga begani kama mtu anayesifia mbwa. Akaongeza kwamba mabasi manne mapya ya Njia ya Kwanza yamenunuliwa kwa mkopo wa benki, na mkopo lazima ulipwe na kitu.

Nilitegemea kufurahi. Nilikwenda chooni nikanawa bega, na koti juu yake.

Jumatano, 2 Aprili

Leo nimegeuza karatasi nikaandika vichwa kwa nyuma. Vyote, vyenye tiketi na vyenye kadi. Wastani wa safari sita: thelathini na nne. Sijui nitaifanyia nini namba hiyo. Labda ni ukaidi tu. Fundi cherehani aliniona, akanyoosha mkono na mimi nikavua koti nikampa.

Ijumaa, 4 Aprili

Mvua usiku kucha na mchana kutwa. Koti limerudi. Kashona mfuko kwa uzi mwekundu maana mweusi ulimwishia. Shemeji bado hajafungua mdomo. Vichwa thelathini na sita.

Jumanne, 8 Aprili

Breki zinapiga kelele mteremko mzima. Abiria wamezoea, wanapandisha sauti ya mazungumzo na kuendelea.

Jumamosi, 12 Aprili

Naandika kwa mkono wa kulia, wa kushoto uko kwenye plasta. Jana nimelala hospitali na sasa niko nyumbani, na nataka kuandika kila kitu kabla watu hawajaanza kunieleza nilichokiona.

Ilikuwa safari ya kwanza ya jana asubuhi. Vichwa thelathini na nane. Mvua ya kawaida, si ya kutisha. Tulifika juu ya mteremko unaoshuka mpaka darajani. Kushoto kuna kiwanda cha mbao chenye ukuta wa udongo uliorundikwa, kulia kuna mtaro mpana, na chini kabisa ni mto uliojaa mpaka kwenye kingo.

Kabla ya kuteremka shemeji alisimama kabisa, akaingiza gia ya pili. Naikumbuka kwa sababu basi lilitikisika na kalamu yangu ikaanguka. Tulianza kushuka pole pole. Kisha nikasikia kitu ambacho sikuwa nimewahi kukisikia: kimya. Breki hazikulia. Nikainua macho, nikaona mguu wake unakanyaga na kukanyaga tena, na hakuna kinachotokea.

"Shikeni viti!" akapiga kelele. "Wekeni vichwa chini! Watoto chini!"

Akavuta breki ya mkono, ikatoka nzima mkononi kama mpini wa jembe. Basi likaanza kuchukua mwendo. Watu wakaanza kulia na kuita majina. Yeye hakuita mtu. Aliusukuma usukani kushoto akaliegemeza basi kwenye ule ukuta wa udongo, likawa linajikwaruza, vioo vinapasuka kimoja kimoja, udongo unaingia ndani kama maji. Lilijikwaruza hivyo mpaka karibu na chini, likapiga rundo la mbao, likasimama. Kutoka pale mpaka darajani ni hatua ishirini. Najua, maana wakati wanatubeba nilizihesabu, ndiyo kazi yangu.

Binti yake alikuwemo. Nilimwona amelala sakafuni kati ya viti, juu yake amelala fundi cherehani, amemfunika mwili wote.

Shemeji alitoka kwenye kiti ameshika mbavu. Hakuanza na mwanawe. Alianzia kiti cha mbele, mtu baada ya mtu, anauliza, "Umeumia?" na kusubiri jibu. Alipofika kwa binti alimgusa kichwa akaendelea. Akanifikia mimi.

"Umeumia?"

"Mkono."

"Usiusogeze."

Hayo ndiyo maneno yetu ya kwanza kwa miaka minne. Hakufa mtu. Mimi kifundo cha mkono, yeye mbavu mbili, fundi cherehani nundu kwenye paji, na wengine michubuko.

Jumatatu, 14 Aprili

Tai amekuja kwangu. Nyumbani, na mfuko wa matunda. Alikaa kwenye ukingo wa kiti kama anayeogopa kunguni, akatoa karatasi iliyopigwa chapa.

"Ni maelezo yako tu. Nimeona nikusaidie kuandika, na mkono huo."

Iliandikwa kwamba basi lilikuwa likiteremka kwa kasi na kwamba dereva alikuwa akizungumza kwenye simu.

"Mkono ulioumia si wa kuandikia," nikamwambia.

"Vizuri, basi utaweka sahihi." Akashusha sauti. "Najua habari zenu, wewe na yeye. Shirika zima linajua. Sikuja kwako kwa bahati mbaya. Dirisha la tiketi la kituo kikuu linarudishwa, na anatafutwa mtu mwenye uzoefu."

Nikamwambia aniachie nisome. Akaniachia mpaka Jumatano.

Jumanne, 15 Aprili

Nimeisoma mara nyingi mpaka imelegea kwenye mikunjo.

Siku mdogo wangu alipobanwa na pumu, alimpigia mumewe simu. Mume alikuwa kazini, kwenye njia hiihii. Alifika nyumbani baada ya saa nzima na dakika kadhaa, na mdogo wangu akafia kwenye lango la hospitali, kwenye gari la jirani. Msibani shemeji alisema mbele ya watu kwamba hakuiona simu. Sikumwamini siku ile na sijamwamini mpaka leo. Na sasa nimeletewa karatasi inayosema alikuwa na simu. Sahihi moja tu. Angefukuzwa, angeshtakiwa, na mimi ningerudi kwenye dirisha langu lenye feni.

Nilitaka sana iwe kweli. Nimekaa hapa mezani nimefumba macho najaribu kuiona ile simu sikioni kwake, na kila nikijaribu naona mikono miwili juu ya usukani.

Jumatano, 16 Aprili

Nimempelekea Tai karatasi yangu mwenyewe, ya mkono. Gia ya pili. Mwendo wa mtu anayekimbia, kabla breki hazijakataa. Hakuwa na simu. Breki ziliombwa mara tatu.

Akaisoma, akaikunja. "Umejiponza, mama."

"Na matunda yako nimekurudishia," nikasema. "Yameoza chini."

Na kweli yalikuwa yameoza.

Jumanne, 22 Aprili

Njia ya Saba imesimamishwa "mpaka uchunguzi ukamilike". Shemeji amesimamishwa pia, bila mshahara. Mabasi mapya ya Njia ya Kwanza yanapita na viti vimefunikwa nailoni. Nimeyachungulia: watu sita, watano, tisa. Hao wote wana tiketi.

Ijumaa, 25 Aprili

Nimemkuta fundi cherehani barabarani anakwenda hospitali kwa miguu, mvua inanyesha, miguu imevimba hadi viatu havifungiki. Jumatano hakwenda kabisa. Pikipiki kwenda na kurudi ni zaidi ya anachopata kwa siku, na mara tatu kwa wiki.

Nikampa ya pikipiki. Alikataa, nikamtia mfukoni kwa nguvu.

"Na Jumatatu?" akauliza. Hakuuliza kwa ubaya. Alitaka kujua tu.

Jumatatu, 28 Aprili

Nimempelekea tena ya pikipiki. Kibanda kimefungwa. Nikadhani yuko hospitali.

Jumamosi, 3 Mei

Fundi cherehani amefariki jana. Jirani yake, muuza mkaa, ndiye aliyeniambia, akiwa anaendelea kufunga magunia. Wiki hii hakwenda hata siku moja. Alisema anasubiri basi lirudi.

Nimetoa karatasi zangu zote. Tangu tarehe tano ya mwezi wa tatu hadi siku ya ajali alipanda mara kumi na saba nikiwa ndani ya basi, amekaa hatua mbili kutoka kwangu. Upande wa mbele wa karatasi zangu hakupanda hata mara moja. Hilo sikuandikiwa na Tai kwa chapa. Hilo ni mwandiko wangu, na niliuandika kwa raha.

Alhamisi, 15 Mei

Kikao cha madiwani, ukumbi wa manispaa. Wananchi wanaruhusiwa kukaa nyuma. Nilikuta fundi mkuu kafika na nakala za fomu zake tatu ndani ya bahasha yenye alama za grisi. Shemeji alikaa safu ya mwisho, amevaa sare, ingawa amesimamishwa.

Tai alionyesha michoro ukutani. Mistari ya gharama inapanda, mstari wa abiria unashuka, na pale ilipokatana ameweka duara jekundu. "Waheshimiwa, Njia ya Saba ina abiria kumi na wawili kwa safari. Tunabeba viti vitupu kwa dizeli ya bei ghali. Na mwezi uliopita uzembe wa dereva umetugharimu basi zima."

Nikasimama. Sikuwa nimepanga namna ya kusimama. Mwenyekiti, mama mwenye miwani shingoni, akauliza mimi ni nani.

"Ni mimi niliyeandika hiyo kumi na mbili," nikasema. "Si abiria hao, ni tiketi. Vichwa ni thelathini na tano."

Tai akacheka. "Mwenyekiti, huyu ana ugomvi na ofisi."

"Mwache aseme. Una ushahidi?"

"Nina siku nane. Nimehesabu vichwa siku nane tu."

"Kwa nini nane? Zoezi lilianza mwezi wa tatu."

Hapo ningeweza kusema uongo mzuri. Nilikuwa nao kabisa mdomoni.

"Kwa sababu kabla ya hapo nilikuwa nafuata maagizo nisihesabu wenye kadi, na maagizo yalinipendeza. Dereva wa njia ile ni shemeji yangu na simpendi. Nilitaka njia yake ife."

Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti akavaa miwani yake.

"Na hiyo ajali? Alikuwa anakimbiza?"

"Hapana. Alikuwa gia ya pili. Nililetewa karatasi niseme alikuwa anakimbiza na ana simu, na aliyeniletea amesimama pale mbele na fimbo ya kuonyeshea. Simpendi shemeji yangu, mheshimiwa, lakini hakukimbiza."

Fundi mkuu akapita kati ya viti akaweka bahasha yake mezani. Nami nikawasomea habari za fundi cherehani: siku alizopanda, siku alizokosa, tarehe aliyokufa. Sikupamba kitu.

Jumanne, 20 Mei

Barua. Nimeachishwa kazi kwa kutoa siri za ofisi. Miaka ishirini imekwisha kwa aya mbili, na jina langu limekosewa.

Ijumaa, 23 Mei

Madiwani wameamua. Njia ya Saba inarudi Jumatatu na breki mpya, na hesabu itarudiwa yote baada ya mvua, safari hii vichwa. Dereva amesafishwa. Hawajasema njia imepona, wamesema itahesabiwa upya. Tai amehamishiwa mipango na miradi, ghorofa ya juu, ofisi yenye zulia.

Jumatano, 28 Mei

Mvua zimekatika. Nimeanza kuulizia kazi kwenye duka la dawa, wanataka mtu wa dirishani.

Alhamisi, 29 Mei

Shemeji amekuja leo baada ya zamu yake ya asubuhi. Nilimfungulia mlango nikabaki nimesimama katikati, asipite.

"Kama umekuja kushukuru, geuza."

"Sikuja kushukuru." Alikuwa anavuta pumzi fupi fupi, mbavu bado. "Shemeji, simu niliiona."

Sikuelewa mara moja. Nilidhani anazungumzia siku ya ajali.

"Simu ya mke wangu. Niliiona. Nilikuwa na watu hamsini, napandisha kilima. Nikapokea, akaniambia kifua kimembana, hawezi. Nikamwambia ngoja nifike mwisho. Nilifika mwisho, nikashusha, nikasaini kitabu, ndipo nikaondoka. Nilidhani ni kama siku zote."

"Kwa nini unaniambia leo?"

"Ungeweza kunisingizia ukanimaliza. Hukufanya. Siwezi kupita barabarani umenisafisha huku mimi nimekuficha hilo."

Nilimpiga. Kofi, kwa mkono wa kulia. Hakukwepa, akashika mlango asianguke. Jirani akachungulia dirishani akajirudisha.

Kisha nikamwambia akae pale kibarazani, aanze upya, na asiruke neno. Alimwambia nini hasa. Yeye alisema nini. Sauti ilikuwaje. Alieleza. Alikwama mara mbili, na mara zote mbili nilimngoja. Alisema mdogo wangu hakumlaumu, alimwambia tu, "Basi wahi." Nilimfanya alirudie hilo.

Alipomaliza jua lilikuwa limefika miguuni petu. Sikumsamehe na hakuomba. Aliinuka, akajipangusa suruali, akasimama kama anayengoja kufukuzwa.

"Jumamosi mlete mtoto," nikamwambia. "Aje asubuhi, ashinde. Wewe utabaki nje."

"Sawa, shemeji."

"Na umlete na nguo za kubadilisha. Huenda akalala."